Spidomita ya treni haina "volti ngapi"

Swali limekuja tena, na safari hii limekuja na maiti: "Fundi, hii spidomita ya treni ni ya volti ngapi? Nataka kuifunga kwenye simuleta yangu ya kuendesha treni." Mwenye nayo aliona nyuma pameandikwa 110 V, akaogopa, akaona aanze na betri ya gari ya volti 12 kwa tahadhari. Mshale uliruka mara moja hadi mwisho wa namba, ukagonga ukingo, na tangu hapo hautaki kurudi sifuri.

Ile 110 ilikuwa ya taa. Vichwa vingi vya treni vina umeme wa ndani wa volti 24 au 110, na balbu inayomulika uso wa spidomita usiku hula huo huo. Ina skrubu zake za kufungia waya na haihusiani na mshale hata kidogo. Naomba tulimalize hili leo, maana kila wiki naona nyingine imeuawa kwa swali hilo hilo.

Ndani ya spidomita ya koili kuna waya mwembamba sana uliozungushwa kwenye fremu ndogo ya alumini, ikining'inia katikati ya nguzo za sumaku. Umeme ukipita, koili inajizungusha. Springi mbili nyembamba kama za saa zinaizuia. Mshale unasimama pale nguvu hizo mbili zinapolingana. Kinachousukuma ni mkondo, yaani mili-amp. Volti ni matokeo tu: zidisha mkondo kwa ukinzani wote uliopo njiani. Spidomita ile ile inayojaa kwa mili-amp 1 itajaa kwa volti 5 ukiiwekea njia yenye ohm 5,000, na itajaa kwa volti 50 ukiiwekea ohm 50,000. Sasa hapo ni ya volti ngapi?

Halafu kuna jambo ambalo wengi hawalijui: springi zile ndizo zinazoupeleka umeme kwenye koili. Ukizidisha mkondo zinapata moto, zinapoteza ukakamavu wake, na mshale haurudi sifuri hata kama koili yenyewe imepona. Hakuna programu ya kutibu springi iliyolegea.

Kwenye treni yenyewe kazi ilikuwa hivi. Jenereta ndogo ilifungwa mwisho wa ekseli. Gurudumu likienda kasi, umeme unapanda. Njiani kulikuwa na rezista (kifaa cha kuuzuia mkondo) ya kurekebisha, kwa sababu magurudumu huchakaa na kuchongwa upya. Tuseme gurudumu jipya lina kipenyo cha milimita 1,000. Kwa kilomita 100 kwa saa linazunguka kama mara 530 kwa dakika. Likichakaa hadi milimita 930 linazunguka mara 570 kwa mwendo ule ule, na spidomita isiporekebishwa itasoma zaidi ya 107. Kwa hiyo usahihi haukukaa kwenye uso unaouona. Ulikaa kwenye ile rezista, na rezista ilibaki kwenye treni. Ulichonunua ni mizani isiyo na mawe. Mawe utayatafuta mwenyewe, na kazi yote ndiyo hiyo.

Kwanza ijue aina yake. Ikiwa na tundu la kuingizia shafti ya chuma au kebo inayozunguka, ni ya kimakanika: sumaku inazunguka ndani ya kikombe cha alumini na kukiburuta, kwa njia ambayo Otto Schulze aliisajili Berlin mwaka 1902. Hiyo usiipe umeme. Izungushe kwa mota ya hatua. Mota ya hatua 200 kwa mzunguko ikitakiwa kwenda mizunguko 600 kwa dakika inahitaji hatua 2,000 kwa sekunde, jambo dogo kabisa. Ikiwa na nyaya tatu zisizo na alama ya chanya wala hasi, huenda ndani kuna mota ndogo ya fezi tatu. Hapo unatakiwa kuizalishia fezi tatu ambazo masafa yake yanapanda na mwendo, na hiyo ni kazi ya makala nyingine.

Ikiwa na skrubu mbili zenye + na −, ishike mkononi bila kuunganisha chochote, izungushe kidogo kwa ghafla, utaona mshale unayumba huku na huku. Sasa funga skrubu mbili kwa kipande cha waya, uzungushe tena. Mshale ukiwa mzito, kama unaogelea kwenye asali, koili ni nzima: inazalisha umeme wake na kujizuia yenyewe. (Waya huo huo uache hapo unapoisafirisha.) Ila ndani kukiwa na diodi (kipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu) au rezista kubwa jaribio hili litakudanganya, kwa hiyo usitangaze kifo mapema.

Usipime koili kwa mita yako kwenye ohm. Mita nyingi za dijitali hupitisha karibu mili-amp 1 kwenye kipimo cha chini, na zile za mshale za zamani hupitisha makumi. Chukua betri moja ya 1.5 V, rezista ya ohm 1,000, rezista ya kurekebishika ya ohm 50,000 na kipima mili-amp, vyote kwenye mstari mmoja. Anza ukinzani ukiwa juu kabisa, ushushe taratibu hadi mshale ufike namba ya mwisho. Andika mkondo. Mkondo huo ndio jibu la swali ulilopaswa kuuliza tangu mwanzo.

Yaliyobaki ni mepesi. Umepata mili-amp 1? Pini ya Arduino Uno, kibao kidogo cha kompyuta unachokiandikia programu, inatoa volti 5, basi weka ohm 4,700 pamoja na ya kurekebisha ya 1,000. Ikizidi mili-amp 20 tumia transista. Mapigo ya PWM, yaani pini kuwasha na kuzima umeme haraka haraka, mara 490 kwa sekunde, mshale hauyaoni. Unaona wastani tu. Ngazi 255 kwenye uso wa kilomita 120 ni karibu nusu kilomita kwa ngazi, inatosha. Zusi, programu ya simuleta ya treni, inatoa mwendo kupitia mtandao, poti 1436 ya TCP, kwa mita kwa sekunde. Zidisha kwa 3.6. Na programu ya Arduino ishushe mshale sifuri data zikikatika, usibaki umeganda kwenye 90 wakati gemu limekufa.

Vitabu vinasema uso wa spidomita ya koili ni wa mstari ulionyooka. Kwenye meza yangu hausemi hivyo. Diodi za ndani hubana namba za chini, ndiyo maana natengeneza jedwali la kila alama: 20, 40, 60. Na hata baada ya jedwali, mshale ukipanda husoma tofauti na ukishuka, kilomita moja au mbili, kwa sababu ya msuguano wa ncha za ekseli yake. Gonga kioo kwa kucha, unasogea mahali pake. Kwenye treni, mtetemo wa injini ulifanya kazi hiyo. Wapo wanaotikisa PWM kidogo ili kuuiga, na inafanya kazi kweli, lakini sina amani nayo: ncha zile zimeshakaa miaka mingi, na kuzitetemesha usiku kucha ni kuzila. Mimi bado nagonga kioo. Mafuta usitie kamwe, ncha hizo huenda kavu.

Na wale wanaosema "toa matumbo, weka servo", yaani mota ndogo ya kusogeza mshale: kabla hujafungua kioo, tazama rangi ya namba. Rangi za zamani za kung'aa gizani nyingi zilikuwa na radiamu. Mng'ao hufa baada ya miongo michache, lakini nusu-uhai wa radiamu ni miaka 1,600, na vumbi lake likiingia mapafuni halitoki kirahisi. Pata kipima mionzi kwanza. Servo naikubali kwa spidomita moja tu: ile ambayo koili imekatika, springi zimeungua, na kipima mionzi kimekaa kimya.