Upakiaji mvivu wa picha: maana yake, na deni linalokuja nao

Chukua duka la vitenge mtandaoni lenye picha 60 kwenye ukurasa mmoja. Tuseme kila picha ina KB 200. Jumla ni MB 12. Kioo cha simu kinaonyesha picha nne kwa wakati mmoja, yaani KB 800, na mteja akiipenda ya sita ataigusa na kuondoka kwenye ukurasa huo. Zile nyingine zimekula bando la mtu ambaye hakuziona wala hakuziomba.

Kivinjari kikiachiwa chenyewe ndivyo kinavyofanya. Kinasoma HTML, yaani maandishi yanayouunda ukurasa, kuanzia juu, na kila kikikuta tegi ya img, alama inayosema hapa pana picha, kinatuma ombi kwa seva, kompyuta inayotunza picha hizo, bila kujali picha iko wapi. Tabia hiyo ina umri. Marc Andreessen, mmoja wa waunda vivinjari vya mwanzo, alipopendekeza tegi ya img mwezi Februari 1993, ukurasa ulikuwa maandishi na picha ilikuwa kitoweo. Siku hizi picha ndiyo ugali wenyewe.

Upakiaji mvivu ni kukiambia kivinjari: picha hii usiilete mpaka msomaji awe karibu kuifikia. Neno "mvivu" hapa si tusi. Kwa watu wa programu, kazi ya kivivu ni ile inayoahirishwa mpaka jibu lake lihitajike. Muuza chipsi hufanya hivyo kila jioni: havunji mayai ya wateja hamsini halafu akawasubiri, anavunja mtu akishaagiza. Lakini litazame vizuri karai lake. Viazi ameshavikaanga nusu, maana anajua watu wakianza kushuka kwenye daladala hatakuwa na muda wa kuanza na kiazi kibichi. Wengi wanaoeleza dhana hii husimulia habari ya mayai na kuisahau ya viazi, na ufundi wote uko kwenye viazi.

Zamani kidogo kazi hii ilifanywa kwa mkono. Anwani ya picha ilifichwa kwenye data-src, sehemu ambayo kivinjari hakiigusi, kisha Javascript, lugha ya programu za ndani ya ukurasa, ikawa inasikiliza kila msomaji anapotelezesha kidole, inapiga hesabu ya mahali ilipo kila picha, na ikiona moja imekaribia inahamisha anwani kuipeleka kwenye src, ambako kivinjari huisoma. Simu za bei nafuu zilikuwa zinakwama kwa hesabu hizo. Mwaka 2016 Chrome ilileta IntersectionObserver, ambayo kazi yake ni kukupa taarifa kitu kinapoingia kwenye eneo la kioo, bila wewe kupima kila mara. Mwaka 2019 Chrome hiyo hiyo ikaweka uvivu ndani ya HTML yenyewe, Firefox ikafuata 2020, na Safari 2022. Leo mstari mmoja unatosha:

<img src="kitenge-17.jpg" width="400" height="500" loading="lazy" alt="Kitenge cha maua, rangi ya kahawia">

Sasa turudi kwenye viazi. Picha ikianza kuletwa pale tu inapogusa ukingo wa kioo, msomaji ataona kiboksi kitupu. Kwa hiyo kivinjari huanza mapema, na swali ni mapema kiasi gani. Tangu 2020, Chrome huanza kuileta picha ikiwa umbali wa pikseli 1250 kutoka kwenye kioo kama mtandao una kasi ya 4G, na pikseli 2500 kama ni wa 3G au chini ya hapo. Ukiwa na mtandao dhaifu, kivinjari kinapunguza uvivu, kinaanza mapema zaidi. Mtu angedhani ingekuwa kinyume, kwamba mwenye mtandao mbovu ndiye aletewe kwa kuchelewa zaidi ili abane bando. Lakini mbali na bando kuna kusubiri: picha inayochukua sekunde nne kufika inabidi iondoke sekunde nne kabla ya macho. Mwenye simu yake aliyewasha hali ya kuokoa data ni habari nyingine, na ukitumia IntersectionObserver unaweza kujipangia umbali wako kupitia rootMargin ukamhudumia tofauti.

Kuna makosa mawili ambayo nimeyaona mara nyingi, na moja nimelifanya mwenyewe. Nilimtengenezea mama mmoja ukurasa wa duka, nikabandika loading="lazy" kwenye kila picha, pamoja na ile kubwa ya juu kabisa. Kwenye kompyuta yangu ulifunguka kama umeme. Siku ya pili akanipigia: "Mwanangu, mbona duka langu likifunguliwa linaanza jeupe kama ukuta wa chokaa?" Alikuwa sahihi. Kivinjari kina msomaji wa mbele anayechungulia HTML na kuagiza picha kabla ukurasa haujapangwa. Picha yenye neno lazy hurukwa na msomaji huyo, kwa sababu mpaka ukurasa upangwe haijulikani iko karibu na kioo au mbali. Kwa hiyo picha ya juu, ambayo kila mtu ataiona kwa vyovyote, inaagizwa mwisho badala ya mwanzo. Sikuwa peke yangu. WordPress, programu ya kutengenezea tovuti, ilipoanza kuweka uvivu yenyewe katika toleo la 5.5, Agosti 2020, iliuweka hata kwenye picha ya kwanza, na ilipofika toleo la 5.9, mwaka 2022, ikairuka picha hiyo. Baadaye toleo la 6.3 likaongeza fetchpriority="high", yaani hii ipewe kipaumbele.

Kosa la pili ni kutoandika upana na urefu. Bila vipimo hivyo kivinjari hakijui kiache nafasi gani, picha ikifika inasukuma maandishi chini, na kidole kilichokuwa kinakwenda kwenye "Uliza bei" kinaangukia "Futa".

Hapo ndipo maelezo mengi huishia. Kwangu mimi nusu ya maana bado. Ukisema "nitakuletea baadaye" umekopa. Ukurasa wa kawaida unaomba picha zake zote mwanzoni, wakati mtandao ndio huo huo uliofungua ukurasa. Ukurasa mvivu unaziomba dakika mbili baadaye, mtu akiwa ameshapanda basi, ameingia kwenye jengo la zege, au bando limekata. Kila picha uliyoiahirisha ni deni, na dawa ya deni ni kulipa. Kujaribu tena ndiko kulipa. Kupima ndilo daftari.

Tuanze na kulipa. Picha ikishindwa kufika, kivinjari hakiendelei kuihangaikia. Kinatoa tukio la error, yaani taarifa ya kushindwa, na kuweka ile alama ya picha iliyovunjika. Kujaribu tena ni kazi yako, na utaratibu wake tunaujua tangu utotoni: hodi. Unapiga hodi, unasubiri. Unapiga ya pili, unasubiri zaidi kidogo, labda mwenye nyumba yuko uani. Ya tatu isipojibiwa, unaondoka. Hakuna anayegonga mlango mfululizo kwa nusu saa, na anayefanya hivyo hafunguliwi kwa furaha.

Kwenye picha, hodi ya kwanza inarudiwa baada ya sekunde moja, ya pili baada ya mbili, ya tatu baada ya nne. Kuongeza muda mara mbili kila safari kunaipa seva nafasi ya kupumua. Tarehe 12 Mei 2024, Jumapili, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu, na intaneti ikayumba Tanzania, Kenya na kwa majirani. Fikiria siku kama ile una wasomaji 10,000, kila mmoja na picha nne zilizokwama, na msimbo wako unajaribu tena kila sekunde bila kukoma. Hayo ni maombi 40,000 kwa sekunde yanayojaza njia iliyobaki nyembamba, na yatafika yote kwa mkupuo pale mawasiliano yatakaporudi. Ndiyo maana kwenye kila subira huongezwa kipande cha kubahatisha: simu hii isubiri sekunde 2.3, ile 1.7, zisipige hodi kwa sauti moja.

Tena si kila kimya ni cha kurudia hodi. Seva ikijibu 404, inasema hapa hapana mtu wa jina hilo. Kurudia ni kupoteza bando. Ikijibu 503, imelemewa, rudi baadaye, na pengine itakutajia muda kupitia Retry-After. Muunganisho ukikatika katikati, jaribu tena. Tatizo ni kwamba tukio la error la img halikuambii ni lipi kati ya hayo. Linasema imeshindikana, kwisha. Ukitaka kujua sababu inabidi uilete picha kwa fetch, amri ya Javascript ya kuleta faili, usome namba ya jibu, nayo seva iwe imeruhusu hivyo kama picha ziko kwenye anwani nyingine. Kwa duka dogo sioni haja ya kufika huko: jaribu mara tatu halafu nyamaza.

Kuna kimya kibaya zaidi, pale ambapo haiji load (taarifa ya kufika) wala error, picha imeganda nusu. Hiyo inahitaji saa yako mwenyewe: zikipita sekunde kadhaa bila jibu, hesabu kuwa imeshindikana. Na simu ikiwa haina mtandao kabisa usitumie hodi zako bure. Subiri tukio la online, taarifa kwamba mtandao umerudi, kisha ujaribu.

Dokezo dogo ambalo limewagharimu watu. Ili kulazimisha jaribio jipya, wengi huongeza kitu mwishoni mwa anwani, mfano ?jaribio=2. Kwa macho ya seva za kati zinazotunza nakala karibu na msomaji, hiyo inaweza kuwa picha nyingine kabisa ambayo hazina, kwa hiyo zinakwenda kuitafuta kwenye seva mama iliyoko mbali. Umemkimbia jirani mwenye chumvi ukaifuata sokoni. Anwani iache ilivyo.

Hodi tatu zikiisha, onyesha maandishi ya alt, yale yanayoieleza picha kwa maneno, na kitufe cha "Gusa upakie tena". Msomaji ndiye anayejua kama ameshatoka kwenye lile jengo la zege.

Daftari sasa. Kipimo kinachotajwa sana ni LCP, muda unaopita tangu ukurasa uanze kufunguka hadi kitu kikubwa kuliko vyote kwenye kioo kionekane. Google wanauhesabu kuwa mzuri usipozidi sekunde 2.5, na mbovu ukipita 4. CLS hupima kule kusukumwa kwa maandishi, na isizidi 0.1. Vyote viwili huangaliwa kwa robo tatu: ukipanga ziara 100 kuanzia iliyo nyepesi hadi iliyo nzito, unatazama ya 75. Wastani ungekudanganya, kwani wenye mtandao wa ofisini huyafunika mateso ya wengine. Kompyuta yako ni mmoja wa hao wenye mtandao mzuri, kwa hiyo vipimo vichukuliwe kwenye simu za wasomaji wenyewe, kwa PerformanceObserver, kipimaji kilichomo ndani ya kivinjari, vikatumwa kwa sendBeacon, amri ya kutuma taarifa ndogo, mtu anapoondoka.

Lakini LCP haijui lolote kuhusu kitenge namba 17. Kwa picha zilizoahirishwa unahitaji mistari yako mwenyewe: picha ilikaribia kioo saa ngapi, ilionekana saa ngapi, hodi ngapi zilipigwa, mwisho wake nini. Na hapa kuna mtego ambao huwanasa hata wazoefu. Ukiandika tu zilizofika, daftari litapendeza kila siku. Picha iliyochukua sekunde 20 haimo humo, kwa sababu mteja aliondoka kwenye sekunde ya 8. Kadiri hali inavyokuwa mbaya ndivyo watu wanavyokimbia mapema na ndivyo namba zako zinavyong'aa. Andika kila ombi linapoanza, halafu uhesabu yasiyokuwa na mwisho.

Mambo mengine ni ya mafundi tu: picha zikitoka anwani nyingine, seva yake isipotuma Timing-Allow-Origin, yaani ruhusa ya kusoma vipimo vyake vya muda, utasoma sifuri kwenye vipengele vingi ukadhani mambo ni mazuri. Pia daftari lenyewe linakula bando, kwa hiyo chukua msomaji mmoja kati ya kumi.

Ukishakuwa nalo, soma safu ya hodi kwanza. Nyingi zikifaulu kwenye ya pili, mtandao wa wasomaji wako unakatika na kurudi, na subira zako zinafanya kazi. Picha zilezile zikishindwa hodi zote tatu kwa kila mtu, Mwanza hadi Mombasa, acha kuulaumu mkongo wa baharini. Fungua folda ya picha kwenye seva yako uangalie kama jina la faili limeandikwa kwa herufi kubwa huku ukurasa ukiliita kwa ndogo.