Mdandiaji kwenye tangi: mtambue kwanza, uamuzi baadaye

Wafugaji wa samaki wa maji chumvi hapa Tanga hunitumia picha za aina moja. Mnyoo mwekundu amejitokeza nusu kwenye tundu la jiwe, picha imetikisika, na chini yake kuna neno moja: "Nimuue?" Karibu kila mara jibu langu ni hapana. Kazi yangu ni kutunza matangi ya matumbawe, mengi ya majumbani na machache ya hotelini, na jambo ninalotamani kila mfugaji alishike ni hili: viumbe wengi wanaodandia jiwe, gamba au mwani mpaka sebuleni kwako wamekuja kufanya kazi. Wanakula mabaki, wanapekua mchanga, wanalamba ukungu wa kijani kwenye kioo. Ukiwamaliza wote kwa hofu, tangi litaanza kunuka na hutajua kwa nini.

Nianze na mawe, maana hapo ndipo wengi hupandia. Usiende kung'oa jiwe hai, yaani jiwe la mwamba lililojaa viumbe, baharini. Matumbawe yote magumu yanayojenga miamba yamo katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya viumbe walio hatarini, na tangu 2009 ukanda mrefu wa pwani yetu umo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, iliyopewa jina la samaki wa kale wa kina kirefu. Hata sheria isingekuwepo ningesema vilevile. Miamba ya Tanga imepigwa baruti kwa miaka mingi. Haihitaji mtu mwingine mwenye tindo. Tumia mawe ya matumbawe ya nchi kavu, yale waliyojengea wazee msikiti na makaburi ya Tongoni. Yamejaa vitundu, na bakteria wanavipenda. Yasugue, yaloweke kwenye maji baridi wiki kadhaa huku ukibadilisha maji, ndipo uyaingize.

Mawe hayo huingia bila uhai. Uhai utakuja kwa njia nyingine: gamba la konokono, kipande cha tumbawe laini ulichopewa na mfugaji mwenzako, au tawi la mwani kutoka kwenye kamba za wakulima. Mwani huleta viumbe kuliko watu wanavyodhani. Chukua fungu moja, litikise ndani ya beseni jeupe lenye maji ya bahari, kisha tulia uangalie chini. Utaona vidudu vyenye mgongo wa kupinda vikirukaruka kwa ubavu, vijikaa visivyozidi punje ya mchele, konokono wadogo, na ukibahatika kinda la tasi lililojificha kwenye majani. Vile vidudu vya kurukaruka ni chakula bora cha samaki wako. Vitie tangini vyote.

Sasa namna ya kuangalia. Mchana tangi hukuonyesha sehemu ndogo tu ya wakazi wake. Zima taa, subiri kama saa mbili hivi, kisha rudi na tochi uliyoifunika nailoni nyekundu, kwa sababu viumbe wengi wasio na uti wa mgongo hawauoni vizuri mwanga mwekundu. Zima pampu ili maji yatulie. Kwanza tazama kama anatembea au amejishika mahali pamoja. Pili, kichwa chake kina nini: macho, pembe, taya? Tatu, na hili nalipa uzito kuliko yote, kwa wakati huo anakula nini? Mnyoo aliyezunguka samaki mfu si lazima awe ndiye aliyemuua. Mara nyingi amekuja kusafisha. Ukitaka kupiga picha, weka rula kwenye kioo na uchukue video fupi, kwa sababu mwendo wa kiumbe hutambulisha kuliko rangi yake.

Turudi kwa minyoo. Yule wa kawaida ni wa rangi ya waridi au kahawia, mwili umegawanyika pingili pingili, na kila pingili ina vishada vya vinyweleo vyeupe pande zote mbili. Mtazame kwa lenzi ya mkononi anapovuka kati ya mawe mawili: vishada hufunguka na kujikunja kwa zamu kutoka kichwani hadi mkiani, na akiguswa vyote husimama pamoja. Vinyweleo hivyo huvunjikia kwenye ngozi na kuwasha vibaya, kwa hiyo tumia koleo au glavu nene. Vikishakuchoma, bandika selotepu na uivute, kisha pakaa siki. Zaidi ya hapo hana ubaya. Yule mla matumbawe anayetisha watu mitandaoni, Hermodice carunculata, ni wa Atlantiki na Mediterania. Mtu wa Tanga anasoma onyo lililoandikwa Florida, anamwaga dawa, na kumuua mnyoo wa Bahari ya Hindi asiye na hatia. Jambo hili huniuma.

Ukiona minyoo hiyo imekuwa mingi ghafla, hesabu chakula unachomwaga. Huongezeka kwa kadiri ya mabaki. Punguza ulishaji na utaona idadi inashuka yenyewe bila dawa yoyote.

Mnyoo wa kuogopa ni wa jamii ya Eunice anapokuwa mkubwa. Mwili wake unang'aa rangi nyingi ukimulikwa, na kichwani ana pembe nyororo tano. Tano ndiyo alama. Mwaka 2009, katika jumba la maonyesho ya samaki huko Newquay, Uingereza, walikuta matumbawe yamekatwa na samaki wamejeruhiwa bila kujua mhusika. Walipobomoa mawe ya tangi wakakuta mnyoo wa namna hiyo mwenye urefu wa zaidi ya mita moja. Aliingia akiwa mdogo, akakulia ndani. Ukihesabu pembe tano, usimvute na usimkate, kwa sababu kipande kinachobaki ndani ya jiwe kinaweza kupona. Toa jiwe zima, liweke kwenye ndoo ya maji ya chumvi kali kuliko ya tangi, naye atatoka mwenyewe.

Halafu kuna sauti. Usiku unasikia "ta!" kwenye kioo, unafikiri kimepasuka. Hapo watuhumiwa ni wawili. Wa kwanza ni kamba mdogo mwenye gando moja kubwa kupita kiasi. Huyo hulifunga kwa kasi mpaka kiputo kinatokea majini, na mwaka 2000 watafiti walionyesha kuwa mlio hutoka pale kiputo kinapoporomoka, si pale gando linapogongana. Huchimba mchanga, aghalabu hukaa tundu moja na samaki wadogo wa chini, na ningemwacha. Wa pili ni kamba mwenye mikono ya kukunja kama vunjajungu, macho yaliyokaa juu ya vijiti na kuzunguka kila upande. Huyo hupasua konokono, hupasua kaa, na jioni moja anaweza kukuachia magamba matupu. Mfano wake mkubwa, Odontodactylus scyllarus, anaishi kwenye maji yetu haya. Tofautisha kwa macho kabla ya yote. Akiwa ndiye, toa jiwe lake majini, elekeza tundu kwenye ndoo, na upulize maji ya soda ndani kwa bomba la sindano. Gesi humkera akatoka. Wengine hutega dema dogo la chupa lenye kipande cha nyama ya kamba ndani, na kwa kaa hufanya kazi vizuri zaidi.

Kaa nitawapitia upesi: tazama ncha za magando. Zilizochongoka na nyeusi, juu ya mwili wenye manyoya, ni za mla nyama, mtoe. Zilizobonyea kama kijiko ni za kukwangua mwani. Lakini vijikaa laini vinavyoishi kati ya matawi ya tumbawe lenyewe, jamii ya Trapezia, usiviguse kabisa. Vinalinda tumbawe, na baharini humkabili hata kiti cha pweza mwenye miiba anayekula matumbawe.

Anayeniletea wateja wengi zaidi ni anemoni mdogo wa kahawia, Aiptasia. Anaonekana mzuri: shina lenye kupenyeza mwanga, mikono mirefu myembamba, na akiguswa anazama ndani ya tundu papo hapo. Mfugaji mpya humfurahia. Kisha anakuwa wawili, wanakuwa ishirini, na kila tumbawe lililo jirani linachomwa na kujikunja. Kosa kubwa ni kumkwangua. Kila kipande cha sehemu ya chini kinachobaki kwenye jiwe huota anemoni kamili. Dawa ninayoiamini ni chokaa, lakini chokaa safi ya kiwango cha maabara au cha chakula, si ile ya kupaka kuta, ambayo huwezi kujua imechanganywa na nini. Koroga na maji yaliyochujwa mpaka iwe nzito kiasi cha kupita kwenye sindano kwa shida. Vaa glavu na miwani, kwa sababu inaunguza. Zima pampu zote, sogeza sindano taratibu bila kumshtua, na umdondoshee mdomoni, katikati ya mikono. Atajikunja akiwa ameimeza. Acha dakika kumi kabla ya kuwasha pampu. Fanya wachache kwa siku, maana chokaa hupandisha pH, kipimo cha ukali wa asidi au alkali, ya tangi zima.

Konokono wa mrija, wale wanaojigandisha kwenye jiwe na kurusha nyuzi za ute, zibe tundu kwa tone la supagluu. Vile viti vya pweza vidogo vyenye mikono isiyolingana ni vya kujigawa, na vingi hula ukungu wa kioo tu. Kidudu chenye pingili, macho makubwa pembeni na mbio majini, kikionekana kimeganda kwenye samaki, ondoa haraka. Jamaa zake wenye macho madogo wanaotambaa polepole hawana neno.

Mambo mawili yanaweza kuua mtu, na hapa naomba usome taratibu. Konokono wenye umbo la pia, jamii ya Conus, wapo kwenye fukwe zetu, na Conus geographus ana sumu isiyo na dawa ya kuipinga. Usimshike, hata kwa upande mpana wa gamba, kwa sababu mshale wake hufika. La pili ni yale matumbawe laini ya vifungo vifungo, Palythoa na ndugu zake. Baadhi yana palitoksini, moja ya sumu kali zinazojulikana. Usichemshe jiwe lililootewa nayo, usilimwagie maji ya moto, usilisugue kwa brashi nje ya maji. Mvuke na matone yake yamewahi kulaza familia hospitalini. Ukitaka kulitoa, likate chini ya maji ukiwa na glavu na miwani, na watoto wakiwa mbali.

Mengine ni maji. Sisi tumebarikiwa kuwa na bahari mlangoni, lakini si kila maji ya bahari yanafaa. Chota maji yakiwa yamejaa, mbali na ghuba ya mji na midomo ya mito Sigi na Mkulumuzi, na wakati wa masika usichote bila kupima: unataka chumvi gramu 35 kwa lita, wakati maji ya mtoni yanaweza kuishusha sana. Chuja kwa kitambaa, hifadhi kwenye madumu yaliyofungwa, gizani. Msimu wa kaskazi chumba hupata joto, na tangi likipita nyuzi 30 kwa siku nyingi matumbawe hupoteza rangi, kama yalivyofanya katika miamba mingi ya Bahari ya Hindi mwaka 1998. Feni ndogo inayopuliza usawa wa maji hushusha nyuzi mbili au zaidi. Maji yanayokauka fidia kwa maji baridi yaliyochujwa, kamwe si ya bahari, maana chumvi haikauki. Na uwe na pampu ya hewa ya betri kwa siku umeme ukikatika.

Mdandiaji uliyemtoa usimrudishe baharini, hata kama unaishi hatua chache kutoka ufukweni. Ameishi na samaki na matumbawe yaliyopita mikono mingi, na hujui amebeba vimelea gani. Mwekee tangi dogo la pembeni, anaishi vizuri na mabaki. Maji ya ndoo uliyomlowekea tia klorini, yaache mpaka asubuhi, kisha uyamwage chooni.