Mwekezaji si wa mgodini tu: dhana potofu kuhusu kusomea mahusiano na wawekezaji

Mwambie mtu wa hapa Mwanza kwamba unataka kazi ya mahusiano na wawekezaji, atakuuliza: utawatafutia viwanja au vibali? Kanda ya Ziwa tumezoea kwamba mwekezaji ni mgeni wa mgodi au hoteli. Kazi hii ni ya kuwa kiungo kati ya kampuni na walioweka fedha zao humo, na mwekezaji ni yeyote mwenye hisa au hatifungani (dhamana za mkopo) za kampuni, hata mwalimu wa Buhongwa mwenye hisa mia mbili. Vibali vina ofisi zake.

Wanaopotosha zaidi ni wale wa "ilimradi unajua kuongea". Chukulia mfanyabiashara wa dagaa pale Mwaloni, Kirumba. Kanunua hisa wiki moja baada ya kufungwa rejista ya wanahisa, yaani orodha ya watakaolipwa gawio, sehemu yao ya faida. Gawio linalipwa, yeye hola. Anapiga simu, amewaka. Hapo anahitaji mtu wa kumweleza taratibu kwamba gawio la safari hii limefuata majina yaliyokuwamo siku ile, na kwamba bei ya hisa kwa kawaida hushuka baada ya tarehe hiyo, kwa hiyo huenda alishanunua kwa nafuu. Kabla hujanywa maji, anapiga mchambuzi wa mfuko wa pensheni: mbona faida imepanda na fedha taslimu zimepungua? Hilo huwezi kulijibu kama mizania, yaani taarifa ya mali na madeni ya kampuni, ulisomewa tu, hukuisoma mwenyewe. Akiomba "kidokezo" cha robo ijayo, humpi. Habari inayoweza kugusa bei hutolewa kwa wote kwa wakati mmoja.

"Basi CPA, cheti cha uhasibu, inatosha." Inasaidia sana, ila uhasibu haukufundishi kumwandikia yule wa dagaa.

"Lazima usome Ulaya." Vyeti vipo kweli: Investor Relations Society ya Uingereza ina chake, na NIRI, chama cha taaluma hii cha Marekani kilichoanzishwa 1969, ina chake kwa wazoefu. Lakini kanuni zitakazokubana kazini ni za Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana na za Soko la Hisa la Dar es Salaam. Msingi unapatikana hapahapa: Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino (SAUT) pale Malimbe kuna biashara na uandishi wa habari, na Chuo cha Elimu ya Biashara (CBE) na Taasisi ya Uhasibu Tanzania (TIA) zina kampasi Mwanza. Benki nazo huchapisha hesabu zao magazetini kila robo mwaka. Kata gazetini hesabu moja ya benki ya CRDB au NMB, iandikie nusu ukurasa wa Kiswahili, mpe mtu wa sokoni aisome.

Na wanaosema kazi zenyewe nyingi ziko Dar? Hao hawajakosea.