Kipokezi cha homoni ni nini, na kinahusikaje na saratani?

Homoni, yaani kemikali ya kupeleka ujumbe mwilini, ikishaingia kwenye damu huzunguka mwili mzima, lakini si kila seli huiitikia. Zinazoitikia ni zile zenye kipokezi chake, yaani protini yenye umbo la kuishika homoni hiyo. Kipokezi cha estrojeni, homoni kuu ya kike, hukaa zaidi ndani ya kiini cha seli. Kikishaishika estrojeni, hujipachika kwenye DNA na kuwasha jeni fulani, zikiwemo zinazoiamuru seli igawanyike. Ndivyo matiti yanavyokua msichana anapobalehe. Nasisitiza hili kwa sababu wagonjwa wengi hushtuka wakiambiwa wana vipokezi: kila mtu mwenye afya anavyo.

Hatari inatokana na kule kugawanyika. Kila mara seli hunakili DNA yake yote, na makosa hutokea. Mengi hurekebishwa, machache husalia na kurundikana. Hivyo mwanamke aliyevunja ungo mapema na akachelewa kukoma hedhi, ambaye matiti yake yamechochewa kwa miaka mingi zaidi, ana uwezekano mkubwa kiasi wa kupata saratani ya matiti. Na seli ikishageuka kuwa ya saratani, mara nyingi hubaki na vipokezi vyake, tena kwa wingi. Estrojeni ile ile sasa inaulisha uvimbe. Zaidi ya theluthi mbili za saratani za matiti ziko hivi. Kwenye tezi dume, kazi hiyo hufanywa na testosteroni, homoni kuu ya kiume, na kipokezi chake.

Mwaka 1896 daktari wa Scotland, George Beatson, alieleza jinsi uvimbe wa matiti ulivyonywea baada ya mgonjwa kuondolewa ovari, viungo vinavyotengeneza estrojeni. Sababu haikujulikana hadi Elwood Jensen alipokifichua kipokezi cha estrojeni huko Chicago, zaidi ya nusu karne baadaye.

Leo kinyama kinachokatwa kwenye uvimbe hupimwa vipokezi, na kwangu hicho ni miongoni mwa vipimo ambavyo mgonjwa hapaswi kukosa kuvidai. Vipokezi vikiwepo, dawa ya tamoksifeni hukalia nafasi ya estrojeni kwenye kipokezi, na dawa nyingine huzuia estrojeni isitengenezwe. Visipokuwepo, dawa hizo hazimsaidii.

Baadhi ya saratani hujifunza kukwepa. Jeni ya kipokezi hubadilika, kikabaki kimewaka hata pasipo homoni. Kwa hiyo ugonjwa ukirudi, madaktari hukata kinyama kipya na kupima upya.