Kamba za Meli: Yanayosemwa Gatini na Yaliyo Kweli

Wengi huamini kwamba kamba zote za nyuzi za plastiki zinazotengenezwa kiwandani ni kitu kimoja, zikitofautiana rangi na unene tu. Sivyo. Nailoni huzama, huvutika sana, na ikiloa hupoteza takriban asilimia 10 hadi 15 ya nguvu zake. Poliesta nayo huzama, lakini huvutika kidogo na maji hayaipunguzii nguvu. Polipropilini huelea, sifa inayofaa sana kwa kamba ya boya la uokoaji, lakini ni hatari kamba hiyo ikiachwa ielee karibu na rafadha (panga la kuisukuma meli) inayozunguka.

Husemwa pia kwamba kamba hizi, kwa kuwa haziozi kama za katani au za makumbi, hazizeeki. Ni kweli kwamba haziozi, ila jua huzila, hasa polipropilini isiyotiwa kinga, na msuguano huziyeyusha. Polipropilini huyeyuka kwenye nyuzijoto 165 za Selsiasi hivi, na ile kamba nyepesi ya polithini yenye nguvu kubwa, inayoishinda waya wa chuma ukilinganisha uzito kwa uzito, huyeyuka hata kabla ya 150. Ikiteleza juu ya ngoma ya winchi, mashine ya kuvutia kamba, huku imebeba mzigo, hubaki na baka gumu linalong'aa, na hapo nyuzi zimekwisha kuungua. Anayekagua kamba ya kusokotwa aifungue misokoto kwa vidole na kutazama ndani: akikuta unga kati ya nyuzi, ajue zimekuwa zikilana zenyewe kwa zenyewe, hata kama nje kamba ni nzima.

Dhana inayonitia hofu kuliko zote ni kwamba kamba isiyovutika, ikikatika, huanguka tu chini bila kumdhuru mtu. Tarehe 2 Machi 2015, meli ya gesi Zarga ilipokuwa ikifungwa Milford Haven, Wales, kamba ya aina hiyo ya polithini ilikatika na kurudi kwa kasi, ikamjeruhi vibaya kichwani afisa aliyekuwa akisimamia kazi. Wachunguzi wa Uingereza walieleza kwamba kipande cha kamba yenye kuvutika kilichounganishwa mwishoni mwake kiliongeza sana nguvu ya mrudio, na kwamba ganda la nje liliuficha uchakavu wa nyuzi za ndani. Wala mrudio haufuati mstari ulionyooka: kamba inayopita kwenye nguzo au rola huweza kufagia eneo pana, kwa hiyo sitaha yote ya kufungia meli ihesabiwe kuwa ya hatari, badala ya kutegemea mistari ya maeneo ya hatari iliyochorwa sakafuni. Nailoni ndiyo hurudi kwa ukali zaidi, na mara nyingi haitoi onyo.

Kuhusu mafundo, jibu ni fupi: fundo laweza kuipunguzia kamba hadi nusu ya nguvu zake, ilhali kitanzi kilichosukwa vizuri kwa nyuzi za kamba yenyewe hubakiza sehemu kubwa zaidi.

Wako pia wanaodhani kwamba kuongeza kamba yoyote kando ya nyingine ni kuongeza usalama. Nailoni na waya zikifungwa upande mmoja, waya usiovutika hubeba karibu mzigo wote, ukatike kwanza, na nailoni iupokee mzigo huo kwa ghafla. Kamba zinazofanya kazi moja ziwe za aina moja, unene mmoja na, kadiri iwezekanavyo, urefu unaokaribiana. Tangu tarehe 1 Januari 2024, mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, SOLAS, unazitaka meli zinazohusika, hata zilizojengwa zamani, zikague na kutunza kamba zao za kufungia. Kwa hiyo nahodha anayechanganya kamba hovyo, au kubakiza iliyochakaa kwa kuwa bado inaonekana nzima, anakwenda kinyume cha wajibu huo.