Je, wajua kwa nini maghorofa ya Nairobi yanakomea Haile Selassie?

Ukisimama mwisho wa Moi Avenue, karibu na bustani ya kumbukumbu ya waliouawa katika shambulio la bomu la tarehe 7 Agosti 1998, nyuma yako kuna maghorofa yaliyobanana. Mbele yako, ng'ambo ya Haile Selassie Avenue, kuna stesheni ya reli yenye jengo la kimo kifupi, na nyuma yake mapaa ya mabati ya karakana, majani yaliyoota kati ya reli na mabehewa yaliyoegeshwa. Ni mwendo wa dakika chache tu kutoka mahali ambapo ardhi huuzwa kwa bei ya kutisha. Mgeni huuliza kwa nini eneo kubwa kiasi hicho likaachwa wazi katikati ya jiji la watu zaidi ya milioni nne, na jibu ni kwamba halikuachwa. Reli ndiyo iliyotangulia, jiji likaja baadaye likajipanga kuizunguka.

Ujenzi wa reli ulianza Mombasa mwaka 1896, na mwisho wa Mei 1899 ukafika kwenye tambarare iliyopakana na mto ambao Wamaasai waliuita Enkare Nairobi, yaani maji baridi. Wahandisi hawakupapenda mahali hapo kwa uzuri wake, kwa kuwa palikuwa na kinamasi na udongo mweusi wa mfinyanzi unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka jua likiwaka. Walipachagua kwa sababu ndipo ardhi tambarare ilipoishia. Mbele yao kulikuwa na mwinuko wa kuelekea Kikuyu na Limuru, kisha mteremko mkali wa kuingia Bonde la Ufa, na injini za mvuke zilihitaji kupumzishwa, kutiwa maji na kukarabatiwa kabla ya kuukabili mlima. Mabehewa nayo yalipaswa kutenganishwa na kuungwa upya, kazi inayohitaji yadi ndefu, pana na isiyo na mwinamo.

Kila kitu kilichofuata kilijipanga kwa kuitazama yadi hiyo. Maduka na ofisi zilikaa kaskazini mwake, viwanda vikapewa upande wa kusini, maofisa wa reli wakajengewa nyumba kwenye kilima cha magharibi, na vibarua wakawekwa mashariki katika makazi yaliyoitwa landhi, neno ambalo limebaki hadi leo katika majina ya Landi Mawe na Landhies Road. Mwaka 1905 utawala wa Waingereza ulipohamisha makao yake kutoka Mombasa, ramani ya mji ilikuwa tayari imekwisha kuchorwa na reli.

Sababu za kuwa na yadi kubwa zilipungua polepole. Injini za dizeli zilichukua nafasi ya zile za mvuke, bohari ya makontena ilifunguliwa Embakasi mwaka 1984, na reli ya SGR iliyozinduliwa mwaka 2017 ikawa na kituo chake kikuu Syokimau, mbali na katikati ya jiji. Ardhi ikabaki mikononi mwa Shirika la Reli la Kenya, na hilo ndilo jambo la nadra katika Nairobi, ambako kupata hata ekari kumi zilizopakana zenye mwenyewe mmoja kunaweza kuchukua miaka ya mazungumzo na kesi. Ndiyo maana ukazaliwa mpango wa Nairobi Railway City, uliozinduliwa rasmi na Rais William Ruto mwezi Desemba 2022 kwa ushirikiano na Uingereza, unaokusudia kujenga stesheni mpya pamoja na ofisi, nyumba na maduka katika ekari 425 zilizo kati ya Uhuru Highway, Haile Selassie Avenue, Landhies Road na Bunyala Road.

Lakini kwa nini ujenzi wote huo uzunguke stesheni? Wapangaji wa miji hukadiria kwamba mtu wa kawaida yuko radhi kutembea dakika kumi hivi, yaani mita 800, kutoka kwenye treni hadi anakokwenda. Ukichora duara lenye nusu kipenyo cha mita 800 utapata hekta 201. Ekari 425 ni sawa na hekta 172. Kwa maneno mengine, ardhi ya mpango huu inakaribia kulingana na duara zima linalofikika kwa miguu kutoka stesheni moja, ingawa bila shaka haina umbo la duara. Miji mingi ingetamani bahati hiyo.

Hesabu ya usafiri inaeleza yaliyobaki. Treni inayobeba abiria 1,000 hufanya kazi ya matatu 72 za viti 14, ambazo zikipangwa moja nyuma ya nyingine zingeshika karibu nusu kilomita ya barabara, na zikishafika mjini zingehitaji mahali pa kushusha, kugeuza na kusubiri. Treni hushusha watu wake wote kwenye jukwaa moja. Kwa hiyo panapofika treni za mara kwa mara, maelfu ya watu wanaweza kufanya kazi katika eneo dogo bila kila mmoja kuja na gari lake, na hapo ndipo ghorofa la orofa thelathini linapoanza kuwa na maana.

Hapo ndipo fedha inapoingia, na kwangu hii ndiyo sehemu inayostahili kutazamwa kwa makini zaidi. Reli ikifika mahali, bei ya ardhi hupanda, na mara nyingi faida humwendea aliyenunua kiwanja mapema, huku gharama ikibaki kwa mlipa kodi. Hong Kong ilipata njia ya kuligeuza jambo hilo: shirika la reli la mji huo hupewa na serikali haki ya kujenga juu ya stesheni kwa bei ya ardhi kabla ya reli kuja, kisha hushirikiana na wajenzi, na tofauti ya bei husaidia kulipia reli yenyewe. Jijini Tokyo, kampuni ya reli iliuza kwa majengo jirani haki ya kujenga orofa ambazo yenyewe haikuzitumia juu ya stesheni yake kuu, na mapato hayo yakagharamia kulirejesha jengo hilo katika sura yake ya mwaka 1914, kazi iliyokamilika mwaka 2012. Nairobi ina nafasi kama hiyo, mradi ardhi ikodishwe badala ya kuuzwa, na mapato yarudi kununua mabehewa na kutengeneza njia za reli.

Kujenga juu ya reli kwenyewe si jambo geni. New York ilianza baada ya ajali ya mwaka 1902, ambapo treni iligonga nyingine ndani ya handaki lililojaa moshi na watu 15 wakafa. Treni za mvuke zikaondolewa, umeme ukaingia, na kwa kuwa umeme hautoi moshi, reli zikafunikwa na mtaa wa Park Avenue ukajengwa juu yake. Treni za Nairobi bado ni za dizeli, hivyo atakayetaka kufunika njia zake atalazimika kwanza kufikiria moshi utatokea wapi.

Kuna shida nyingine ambayo haionekani kwenye michoro yenye rangi nzuri. Yadi ni ukuta. Mfanyakazi anayetembea kutoka Mukuru kupitia Industrial Area hadi mjini hulazimika kuizunguka, na wanaotembea hivyo kila asubuhi ni wengi sana. Kipimo cha mpango mzuri, kwa maoni yangu, ni idadi ya njia za miguu zinazovuka reli na kama stesheni itakuwa na mlango upande wa kusini. London ilipoendeleza ekari 67 za yadi ya zamani nyuma ya King's Cross, bohari la nafaka likageuzwa kuwa chuo cha sanaa mwaka 2011, lakini kilicholifufua eneo ni mitaa na viwanja vya wazi ambavyo mtu yeyote huweza kupita bila kuulizwa anakwenda wapi.

Isitoshe, ekari hizo si tupu kama zinavyoonekana kutoka juu. Kuna soko la Muthurwa, kuna steji ya Railways na makanga wake, kuna wachuuzi wanaoishi kwa kutegemea miguu ya wapita njia. Mchuuzi akihamishwa hata mita 300 kutoka mkondo wa watu, biashara yake imekwisha, kwa hiyo mahali pake panapaswa kuchorwa ndani ya stesheni tangu mwanzo.

Tahadhari kubwa iko karibu, kwenye kilima kile kile cha maofisa wa reli. Upper Hill ilipewa minara, ukiwamo wa Britam wenye urefu wa mita 200, lakini haikupewa usafiri wa kuitosha, na foleni zake zinajulikana. Ekari 425 zinaweza kuishia hivyo hivyo, kwa sababu reli za abiria zinazoingia Nairobi ni za njia moja: treni inayokwenda lazima ipishane na inayokuja kwenye stesheni tu, na hilo linaweka kikomo kwa idadi ya safari za asubuhi. Njia ya pili haipigwi picha kama mnara, ila ndiyo itakayojaza mnara huo watu.

Na bado kuna milimita 435. Reli ya zamani ina upana wa milimita 1,000, ya SGR ina 1,435, kwa hiyo treni ya Mombasa haiwezi kupita juu ya njia zinazoingia stesheni kuu. Abiria wake hushuka Syokimau, akabeba mizigo yake, akapanda treni nyingine ndogo ili afike mahali ambapo reli ya kwanza ilifika mwaka 1899.