Deraya, kioo na mkono wa fundi: tunayoyakosea kuhusu kebo za faiba

Kila tunapofungua mtaro kando ya barabara, hakosi mpita njia wa kusimama, akakitazama kipande kilichochunwa cha kebo ya faiba, ile ya nyuzi za kioo zinazobeba intaneti kwa mwanga, akaona chuma kinang'aa ndani yake na kusema: "Hii yenu haikatiki." Natamani ingekuwa kweli. Dhana hiyo imewaponza hata wasimamizi wa miradi, ambao wakishalipia kebo ya deraya huona mtaro wa sentimita 40 unatosha.

Katika kebo nyingi za kufukia ardhini, deraya ni bati jembamba, unene wake kama milimita 0.15, lililokunjwa mikunjo kama bati la paa na kuzungushiwa mirija yenye nyuzi za kioo. Juu yake kuna gamba la plastiki nyeusi ngumu. Kazi ya bati hilo ni kuzuia meno ya panya na kubeba mgandamizo wa mawe mtaro unapofukiwa. Kijiko cha kuchimbia barabara hakilisikii hata kidogo. Kinachoikinga kebo na kijiko ni kina cha mtaro, kuanzia mita moja hivi, utepe wa onyo uliolazwa juu yake, nguzo za alama, na mkandarasi anayepiga simu kuuliza kabla ya kuchimba.

Tena kebo ya deraya ikinaswa na kijiko mara nyingi haikatiki papo hapo. Huvutwa kwanza, na nyuzi zikakatika ndani, mita kadhaa mbali na jeraha unaloliona, huku gamba likiwa zima. Nimewahi kuunga nyuzi 24 penye jeraha, usiku, watu wakisubiri mtandao urudi, na mwanga ukagoma kupita. Tulipopima kwa OTDR, kifaa kinachorusha mwanga ndani ya uzi na kusoma mwangwi wake, tukakuta nyuzi zimekatika pia mbele yetu. Tangu siku hiyo napima pande zote mbili za jeraha kabla ya kutoa mashine ya kuungia kwenye sanduku.

Deraya ina deni lake pia. Ni chuma, na chuma hupitisha umeme, kwa hiyo radi ikipiga karibu inaweza kusafiri nayo hadi kwenye boksi la maungio au kituoni. Lazima ifungwe ethi, yaani iunganishwe na ardhi. Kwenye nguzo za umeme mara nyingi hatutumii deraya kabisa, bali kebo isiyo na chuma chochote, inayobebwa na nyuzi za njano za aramidi, jamii ya zile zinazoshonewa fulana za kuzuia risasi.

Baharini nako watu hudhani kebo huwa nene zaidi kadiri kina kinavyoongezeka. Ni kinyume. Karibu na ufukwe, penye nanga na nyavu, huvikwa nyaya za chuma tabaka moja au mbili. Kwenye bahari kuu, maelfu ya mita chini, kebo isiyo na deraya huwa na kipenyo cha milimita 17 hadi 20 tu, maana huko hakuna nanga ya kuifikia. Tarehe 12 Mei 2024, kebo za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika na intaneti ikayumba Afrika Mashariki, niliulizwa mara nyingi kwa nini hawakutandaza kebo nene mwanzo mpaka mwisho. Kebo ya namna hiyo ingekuwa nzito mno kuibeba, kuishusha na kuivuta juu wakati wa kuitengeneza.

Kuhusu shaba nitasema kwa ufupi, kwa sababu inaniuma. Wezi hudhani kebo yetu ya ardhini ni waya ya shaba. Sivyo. Ndani mna kioo, jeli, plastiki na hilo bati. Anayeikata kwa panga usiku hapati cha kumuuzia mnunuzi wa chuma chakavu, na zahanati iliyo mwisho wa kebo hiyo inalala bila mawasiliano.

Sasa maungio. Wengi wanaamini tunagundisha nyuzi, na kwamba kila kiungo kinapunguza kasi ya intaneti. Hakuna gundi. Uzi wa kioo una kipenyo cha mikromita 125, yaani sehemu 125 za elfu za milimita, na njia ya mwanga katikati yake ni kama mikromita 9 tu. Mashine hulinganisha ncha mbili, hupitisha cheche ya umeme katikati, kioo huyeyuka na ncha zikawa uzi mmoja. Kiungo kizuri hupoteza desibeli 0.05 au chini ya hapo; desibeli ndiyo kipimo chetu cha mwanga unaopotea. Mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 1550 hupoteza kiasi hichohicho kwa kusafiri mita 250 za kebo nzima. Ukitaka kujua kinachokula mwanga katika mtandao wa majumbani, tazama kigawanyio kinachougawa mwanga wa uzi mmoja kwenda njia 32: hicho peke yake hula takribani desibeli 17. Kiungo kilichofanywa vizuri hakimpunguzii mteja kasi yake.

Kilichofanywa vibaya ni habari nyingine, na hapa ndipo penye dhana inayonisumbua kuliko zote: kwamba mashine ndiyo inayofanya kazi yote. Vijana wanaoanza huisoma namba iliyo kwenye kioo cha mashine, desibeli 0.01, wakafunga boksi na kuondoka. Namba hiyo ni makadirio. Mashine imetazama picha ya ncha kwa kamera ikakisia, haikupima mwanga unaopita. Ubora wa kiungo huamuliwa kabla ya cheche: je, uzi ulifutwa kwa alkoholi safi baada ya kuchunwa? Je, kisu kimeukata wima, bila kupinda zaidi ya digrii moja? Je, kuna vumbi? Punje moja ya vumbi la barabarani inaweza kuwa pana kuliko njia yote ya mwanga. Ndiyo maana tunaungia ndani ya hema au nyuma ya gari, hata jua likiwa kali.

Hata OTDR humdanganya asiye makini. Ukiunga nyuzi mbili ambazo njia zake za mwanga hazilingani kidogo, upande mmoja kitasoma hasara ya desibeli 0.25, na upande wa pili kitaonyesha kana kwamba mwanga umeongezeka kwa 0.15. Glasi haizai mwanga. Pima pande zote mbili, utoe ongezeko hilo kwenye hasara, ugawe kwa mbili: hasara halisi ni 0.05. Nimeona viungo vizima vikivunjwa na kurudiwa usiku kucha kwa sababu ya kipimo cha upande mmoja.

Vile viungo vya kubana, visivyotumia cheche, havistahili dharau vinayopewa. Ncha mbili hukutanishwa ndani ya kishikizo chenye jeli, na hasara huwa kati ya desibeli 0.1 na 0.3. Kwa dharura, au kwa mstari mfupi wa kuingia nyumbani, vinatosha. Kwenye mkongo mkuu sivitumii.

La mwisho ni la usalama: "Sioni mwanga, basi hakuna kitu." Mwanga wa mawasiliano haumulikwi kwa rangi ambayo jicho linaiona, na kwenye mikongo mikuu una nguvu ya kuunguza jicho bila maumivu ya kukuonya. Tunapima kwa kifaa, hatuchungulii. Na vipande vya uzi vilivyokatwa, vyembamba kama sindano zisizoonekana, tunavihesabu na kuvitia kwenye chupa yenye kifuniko. Mezani petu hakuliwi chakula mpaka chupa hiyo ifungwe, meza ifutwe na mikono ioshwe.